Sola ya Shilingi 65 kwa Siku: Uliza Jumla

Kuna namba moja ambayo ejenti wa sola hakutajii mpaka umuulize. Atakwambia arbuni. Atakwambia malipo ya siku. Atakwambia taa ngapi, TV inchi ngapi, redio ya bure, tochi ya bure. Namba moja inabaki mfukoni: jumla. Yaani siku ile ya mwisho kabisa, ukishamaliza kulipa, pesa ngapi zitakuwa zimetoka kwako?

Leo tuongee kuhusu hiyo namba. Na kabla mtu hajaruka kusema ati napinga sola, sipingi. Mimi ni mtoto wa Kwale, giza la huku nalijua. Ukiacha lami ya kwenda Lunga Lunga ukaingia ndani nusu saa kwa boda, utapita nyumba ambazo watu wake wanaziona taa za wenzao kwa mbali tu. Mradi wa Last Mile ulipoanza 2015, ada ya kuunganishiwa stima ilishuka kutoka shilingi 35,000 mpaka 15,000. Poa sana. Lakini mradi ulilenga nyumba zilizo ndani ya mita 600 kutoka kwa transfoma. Wewe kama uko mita 900, utakaa uhesabu nguzo za watu. Kwale yenyewe iko kwenye zile kaunti 14 zilizowekwa kwenye mradi wa KOSAP, ule wa sola ambao Benki ya Dunia iliupitisha 2017 kwa sehemu zilizoachwa nyuma na gridi. Kwa hivyo huku sola si urembo wa kupiga nayo picha. Kwa watu wengi ndiyo stima ya kwanza watakayoijua.

Sasa, hii biashara ya kulipia kidogo kidogo inafanya kazi vipi? M-Pesa ilikuja 2007, watu wakazoea kutuma pesa ndogo bila kupanga foleni benki. 2012 M-KOPA wakaanza kuuza sola kwa njia hiyo: unatoa arbuni, halafu unalipa kila siku kwa simu. Kampuni nyingine zikafuata. Na ukweli usemwe, wazo lenyewe lina akili. Mtu ambaye hajawahi kushika elfu ishirini kwa mkupuo anawasha taa leo. Mafuta ya taa alikuwa akiyanunua kila jioni hata hivyo, sasa pesa ile inaingia kwenye paneli, na moshi wa kibatari unatoka kifuani mwa watoto.

Lakini ndani ya lile boksi la betri kuna kitu ambacho kibatari hakina. Kuna kufuli. Ukilipa linafunguka. Usipolipa linajifunga, hata kama jua ni la kupasua mawe na betri imejaa pomoni. Paneli iko juu ya paa lako, jua ni la Mungu, swichi iko kwa anayekudai. Mimi sisemi hiyo ni dhambi, mikopo ndivyo ilivyo. Kinachonikera ni kwamba watu hawaambiwi huu ni mkopo. Wanaambiwa "ni sitini na tano tu kwa siku".

Hiyo sitini na tano nimeisikia kwa masikio yangu, nyumbani kwa nyanya yangu, ndani ndani huko Msambweni. Kampuni siitaji. Leo ni hii, kesho ni nyingine, maneno ni yale yale.

Nyanya hupika mahamri kila asubuhi, anauza shilingi 10 moja. Anaishi na binamu yangu aliye gredi ya 9, mwaka wa mtihani, mtoto anayesoma kwa tochi ya simu huku ameishikilia kwa kidevu. Mimi naishi Ukunda, nafanya kazi ya video. Chuo niliacha mwaka wa pili baada ya karo kukatika, hiyo stori ya siku nyingine. Siku hiyo nilikuwa nimeenda kumsalimia tu.

Jamaa akaingia na boda, fulana ya kampuni, mkoba mgongoni, rika langu kabisa.

"Shikamoo nyanya."

"Marahaba mwanangu, karibu kiti."

Akapewa kiti, akapewa chai, akapewa mahamri mawili. Huku kwetu mtu akishakula chako humfukuzi, na nadhani wanafundishwa hilo.

"Nyanya, kwa siku unatumia pesa ngapi kwa mafuta ya taa na kuchaji simu?"

Nyanya akahesabu kwa vidole. Mafuta thelathini, chaji ishirini.

"Hamsini. Mimi nakuletea taa nne, televisheni, redio na tochi kwa sitini na tano. Unaongeza kumi na tano tu, unatazama habari kama watu wa Diani!"

Hapo nikasema kimoyomoyo, huyu kafunzwa vizuri. Manake hesabu yake ni ya kweli na bado inakuvuruga. Mafuta ya taa siku huna hela huyanunui, unalala mapema, kesho unaamka huna deni la mtu. Ile sitini na tano inakungoja. Hata ulale.

Nikamuuliza, "Bro, jumla ni ngapi?"

"Ni sitini na tano kwa siku."

"Kwa siku ngapi?"

"Inategemea unavyolipa."

"Tuseme hajakosa hata siku moja."

Akafungua karatasi zake, akageuza upande wa pili, huko kwenye maandishi madogo. Siku 540. Nikatoa simu nikapiga hesabu mbele ya wote. 65 mara 540 ni 35,100. Ongeza arbuni 3,500. Shilingi 38,600. Nikauliza bei ya keshi. Akakuna shingo kidogo, halafu akasema: 26,000.

Tofauti ni 12,600. Hiyo ndiyo bei ya kungojewa. Huenda ni bei ya haki, manake kampuni inakukopesha bila dhamana ya shamba wala barua ya mwajiri, na wengine wanaingia mitini na paneli. Sawa. Lakini mtu akinikopesha aniambie amenikopesha, na aniambie gharama yake, nichague mwenyewe.

Nyanya alikuwa kimya muda wote. Halafu akasema, "Sitini na tano ni mahamri sita na nusu. Hiyo nusu nitamuuzia nani?"

Tukacheka wote, hata yule jamaa. Lakini nyanya hakuwa anafanya mzaha. Akaendelea, "Na masika je? Njia ikijaa maji wateja hawatoki."

Swali hilo, wadau, halimo kwenye karatasi ya kampuni yoyote. Masika ya pwani, kuanzia Aprili kuelekea Juni, ni mawingu siku baada ya siku. Paneli inapata jua kidogo, betri haijai, TV inazima saa mbili usiku. Na ni msimu ule ule ambao anayeuza mahamri hauzi, mvuvi hatoki kila siku, na hoteli za Diani zinapunguza vijana kwa sababu wageni ni wachache. Jua linapungua na pesa inapungua kwa pamoja. Malipo ya siku hayajui kama ni masika.

Tukaingia kwa nguvu zenyewe. Jamaa alikuwa amesema mtambo "unawasha kila kitu", na ukilipa vizuri baadaye utaongezewa friji. Paneli yake ilikuwa ya wati 20. Hii hesabu hata kama uliikimbia fizikia utaiweza: wati 20 kwa saa 5 za jua zuri ni wati 100 za saa, na hapo bado hujatoa zinazopotea njiani. TV ndogo ya wati 20 ukiiwasha saa 3 imekula 60. Taa nne za wati 2, saa 5, zimekula 40. Imeisha. Simu haijachajiwa na redio haijaguswa. Ukitaka kuelewa udogo wake, chukua pasi ya kawaida ya wati 1,000. Umeme wote wa siku nzima ungeiendesha dakika 6. Umepiga kola na mkono mmoja. Na friji je? Friji haichoki, inafanya kazi usiku na mchana.

Halafu kuna pa kuiweka. Jamaa alitaka paneli ikae mbele, upande wa njia, "majirani waione". Upande huo kuna mwembe ambao kivuli chake kinalala juu ya bati mchana kutwa. Paneli ikifunikwa hata kipande na kivuli, umeme unashuka vibaya. Na sisi huku tuko kusini kidogo mwa ikweta, digrii 4 hivi, kwa hivyo inatakiwa ilale kidogo ikitazama kaskazini. Kaskazini mwa nyumba ya nyanya ni upande wa choo. Hapo hakuna jirani wa kuiona, lakini jua lipo.

Mimi ushauri wangu ulikuwa rahisi: ngoja zamu yako ya chama, nunua kwa keshi. Nilijiona nimemaliza kazi.

Nyanya akanitazama. "Zamu yangu ni mwezi wa kumi na mbili. Mtihani wa mtoto uko kabla ya hapo. Giza nalo lina bei, mjukuu wangu, tena kubwa." Akamgeukia jamaa. "Hiyo bila televisheni je?"

Ilikuwepo. Taa tatu na sehemu ya kuchaji simu, basi. Ilikuwa ukurasa wa mwisho wa karatasi, haijatajwa tangu asubuhi. Arbuni 1,500, shilingi 30 kwa siku, siku 365. Jumla 12,450. Keshi 9,500.

"Mahamri matatu," nyanya akasema. "Hayo nayaweza, hata masika. Na hiyo elfu mbili mia tisa na hamsini ya juu, nainunulia miezi."

Akaichukua. Alijua analipa nini cha ziada na analipia nini: mtoto aanze kusoma kwa taa usiku ule ule badala ya Desemba. Nimesikia watu wenye digrii za uchumi wakieleza riba, sijasikia aliyeieleza kwa ufupi hivyo. Kabla hajaweka kidole, alimwambia binamu yangu asome mkataba wote kwa sauti, mpaka maandishi madogo, na akadai nakala yake. Nakala hiyo ina kazi. Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012 inasema mkataba uliofanyiwa nje ya duka la muuzaji, kama huu wa kufuatwa nyumbani, unaweza kuuvunja bila kutoa sababu yoyote mpaka siku 10 zipite tangu upewe nakala iliyoandikwa. Siku 10. Tabasamu za ejenti zinapoa, majirani wanakwambia yao, unafikiria upya.

Alipomaliza chai, jamaa akanigeukia mimi. Kumbe ananijua, aliona video yangu ya bei za boda kutoka Ukunda mpaka ufukweni. Akasema ofisi yao inatafuta vijana wenye wafuasi. Nifanye video ya dakika moja, niweke kodi yangu, kila mteja atakayeingia kupitia kwangu napewa 800.

Niwaambie ukweli wa hii kazi yangu. Mwezi ule nilikuwa nimeingiza pesa ya bando na nusu ya kodi ya nyumba. Wateja kumi tu ni 8,000. Nilizihesabu kichwani kabla hajafunga mdomo.

Nikamwambia nitafanya, kwa sharti moja: jumla iandikwe kwenye skrini, herufi kubwa, sekunde tano. Bei ya keshi kando yake. Akampigia bosi wake palepale, akaweka spika. Bosi akasema huyo kijana afanye kitu chepesi, asichanganye wateja na mahesabu.

Basi. Sikuifanya, na hizo 8,000 sikuziona. Sisemi hivi nipigiwe makofi, kodi ya nyumba haikulipwa na makofi. Nasema kwa sababu jibu la yule bosi ndilo lililonifanya niandike hapa. Kama bidhaa ni nzuri, na mimi naamini ni nzuri, kwa nini bei yake iwachanganye watu?

Yule jamaa simlaumu hata kidogo. Nilimsindikiza mpaka barabarani tukaongea. Ana diploma yake, imekaa kwenye bahasha ya kaki nyumbani. Hana mshahara, ni komisheni. Akiuza mitambo minne kwa wiki amekula, asipouza amelipa boda ya bure. Na TV ina komisheni kubwa kuliko taa tatu, ndiyo sababu taa tatu zilikuwa ukurasa wa mwisho. Yeye alimaliza chuo, mimi sikumaliza, na asubuhi ile wote wawili tulikuwa tunatafuta riziki kwenye mahamri ya mwanamke mmoja. Hapo ndipo panaponiuma. Sisi ndio tunaotumwa kwa nyanya zetu, manake sisi ndio tunaojua kuwaamkia.

Na msidhani hii ni habari ya vijijini. Hebu geuza simu uliyoshika sasa hivi. Wangapi kati yenu mnailipia kila siku? Safaricom walipoleta Lipa Mdogo Mdogo 2020, simu ilianza kwa shilingi 20 kwa siku, na sasa karibu kila kitu kinauzwa hivyo: simu, boda, jiko, TV. Simu ya mkopo nayo ina kufuli lake, siku mbili hujalipa skrini inakuwa jiwe. Tumezoea kuulizana "kwa siku ngapi?" tukimaanisha shilingi, mpaka tumesahau kuuliza siku zenyewe ni ngapi. Ishirini haiumi. Hamsini haiumi. Zikiwa mistari mitatu au minne kwa mkono mmoja, simu, boda na sola ya mamako, asubuhi unaamka umeshakula mia tatu kabla hujanywa chai.

Kwa hivyo akija, na atakuja, mkaribishe. Halafu muulize kwa adabu. Jumla ni ngapi na keshi ni ngapi. Nikikosa wiki nzima, taa zinazima tu, au mnakuja kuchukua paneli, au jina langu linaenda CRB. Waranti ya betri ni ya muda gani, na je, inaisha kabla ya deni kuisha? Ikiharibika namwita nani, yuko Ukunda ama yuko Nairobi kwenye simu inayokwambia ubonyeze moja? Nikimaliza kulipa, kufuli linaondoka kabisa? Na ile ndogo, ile isiyo na TV, iko ukurasa gani?

Kama una mzazi, au nyanya, au shangazi huko ndani asiyependa maandishi madogo, hiyo siku kaa naye. Usimwamulie. Nyanya yangu hakuhitaji nimwamulie, alihitaji namba tu, kilichobaki alikifanya kwa mahamri.

Na wewe unayeuza, wewe rafiki yangu mwenye fulana na mkoba, jaribu wiki moja tu. Anza na jumla. Sema ni mkopo. Kuna watakaokukatalia, ndiyo. Lakini yule atakayekubali atalipa mpaka siku ya mwisho, na siku ukirudi kijijini kwao utapewa kiti tena.